Siri ya Zuhura Niliyoitoa Ukumbini

Jumapili, Kisauni. Manyunyu tangu alfajiri, na mimi sitaki kuonana na mtu.

Leo vijana wa mtaa waliandaa mjadala ukumbini Mtopanga: serikali ipige marufuku ule mtandao wa video wa kampuni ya nje, au iuache? Mimi nilitetea marufuku. Nilisema habari zetu zinachukuliwa na watu tusiowajua. Watu wakapiga miayo. Mpinzani wangu, muuza viatu, alikuwa ameshawachekesha kwa kueleza anavyowanasa wateja humo humo.

Nami nikataka kusikilizwa.

Nikasema yuko mama mmoja Junda, fundi wa madera, mumewe baharia. Alitafuta kwenye simu dawa za kushika mimba, na tangu hapo kila akifungua ule mtandao analetewa matangazo ya dawa hizo. Jina sikulitaja. Nikajiona mwerevu.

Miayo ikakoma. Kisha vichwa vikaanza kugeuka kuelekea kwa Zuhura, shoga yangu, aliyekuja kunisikiliza. Yeye ndiye aliyenieleza hayo, siku moja akilia. Fundi wa madera mwenye mume baharia, Junda nzima, ni nani mwingine?

Akajitanda mtandio wake, akatoka taratibu.

Upande wetu ulishinda. Makofi yalipigwa, nami sikuweza kuinua uso.

Nikamfuata kwake. Salamu aliitikia, lakini hakunikaribisha ndani. Nikamwomba radhi, nikaapa kwamba sikukusudia, nilitaka tu watu waione hatari. Akaniacha nimalize.

"Simu ilijua, Mwanaisha," akasema kwa sauti ya chini, maana mama mkwe wake alikuwa ndani. "Lakini waliokaa pale umewaambia wewe."

Mama mkwe alikuwa hajui lolote. Sasa atajua, maana jirani zake wawili walikuwapo ukumbini.

Naona haya hata kujieleza. Niliyosema kuhusu ule mtandao bado nayaamini. Ila nilisimama kutetea siri za watu, na siri moja niliyokabidhiwa mimi nikaitoa ili nipigiwe makofi.

Nimebadilisha majina, mtaa na kazi zao. Hata hivyo, haya sitayaweka hapa bloguni kabla ya kupata ridhaa yake. Kesho nitarudi mlangoni kwake nimsomee yote, neno kwa neno.

Akikataa, nayafuta.