Asante kwa Yule Anayesikiliza

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Hili sijawahi kumwambia mtu yeyote. Nikiongea kwa simu, yule mwingine akishakata, huwa nabaki na simu sikioni kidogo na kusema, "Asante, usiku mwema." Simwambii aliyekata. Namwambia yule anayesikiliza.

Kila mtu hapa Matisi anasema serikali inasikiliza simu zetu. Madam Chepkorir wa historia anasema kufanya hivyo bila ruhusa ya korti ni kuvunja katiba, na alipiga meza akisema. Mama anasema wakimsikiliza yeye watachoka wao kwanza. Mimi nafikiria tu mtu fulani ofisini, chai yake imepoa, na hakuna anayemsalimia.

Kesho naenda kwa Kukhu, nyanya yangu, Misikhu. Vitabu vinne kwenye begi. Mama ametoa viwili, ati nikaonane na watu. Nimevirudisha.

Jumatano, 6 Agosti

Nilifika salama. Mahindi ya nyanya yangu yamesimama vizuri kuliko yeye. Amekonda.

Binamu yangu Tonny pia yuko hapa. Kidato cha nne, haogopi mtu. Ana mchezo mpya: kuna namba ya bure ambayo watu wa usalama walitangaza redioni, ya kuwaambia mambo ya hatari. Anapiga, anaweka spika, vijana wenzake wanakaa nyuma ya jikoni wakiziba midomo. Leo amesema amesahau paswadi yake ya Fesibuk, na kwa vile wao wanaijua, si wamkumbushe tu? Mwanamume aliyepokea akakata. Walicheka hadi mmoja akaangukia kuni. Mimi pia nilicheka — kwa ndani.

Kukhu hana mzaha na hayo mambo. Akitaka kujadili bei ya ng'ombe na jirani, kwanza anafunga simu yake kwa kitambaa na kuizika kwenye kikapu cha unga. Kwa unga, anasema, hawasikii kitu. Hamdun mwenye duka alimwambia asijisumbue. Yeye huwasalimia kabisa hao wanaosikiliza kabla ya kuagiza mali Bungoma mjini. Wacha wasikie bei anayouziwa sukari, anasema, labda watamwambia mkubwa wao.

Ijumaa, 8 Agosti

Mvua tangu asubuhi. Tumechambua maharagwe na Kukhu, mazungumzo yakafika kwa Kuka, babu yangu.

Babu alifariki Februari. Miezi yake ya mwisho alikaa kwetu Matisi, karibu na hospitali, na kila jioni alimpigia Kukhu kwa simu ya Mama. Nilikuwa namshikia simu kwa sababu hakuweza kuishika mwenyewe. Hakuna aliyefikiria kurekodi. Hata mimi, na najiita mtu wa kuandika mambo!

Kukhu alisema bila kuinua macho: "Uso wake ninao kwa picha. Sauti ndiyo inanitoroka. Jana nimeitafuta kichwani, nikapata ya ndugu yake."

Akaendelea kuchambua. Mimi nikatupa maharagwe mazuri kwenye takataka. Ikabidi niyaokote.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani sikusikia mahubiri. Kama kweli wanasikiliza, na kama kweli wanaweka hizo sauti — basi Kuka yuko kwao. Jioni zote zile. Amekaa kwenye mashine mahali fulani, anauliza habari za shamba.

Ni kuomba tu. Mtu huombwa.

Nimefanya mazoezi mbele ya kuku. Kuku ni wasikilizaji wabaya sana.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimepiga ile namba ya bure! Nilichukua simu ya Kukhu nikaingia katikati ya mahindi. Alipokea mwanamume. Nikamsalimia, nikamuuliza kazi iko aje. Nikaeleza polepole: marehemu mzee Wakhungu, simu za jioni kutoka Matisi kuja Misikhu, Januari na Februari. Kama wanazo, tunaomba moja tu. Hata fupi.

Akauliza kama mimi ni wa lile genge la paswadi, kwa sababu namba ni ile ile.

Tonny alikuwa anatumia simu ya Kukhu! Masikio yaliwaka moto. Bila kupaza sauti, mtu yule akasema kwamba wakati tunacheka, mwenye shida ya kweli anangoja laini. Nikaomba radhi. Nikaomba tena. Nilitaka kukata, lakini mdomo ukauliza wenyewe:

"Lakini mnazo?"

Akasema hawezi kuniambia walicho nacho wala wasicho nacho. Halafu akauliza huyo mzee alikuwa anasema nini.

Nikamwambia. Maharagwe. Mguu wake. Bei ya ng'ombe. Na kila jioni kabla ya kukata: "Phelista, funga kuku." Kukhu alikuwa anajibu ameshafunga, hata kama bado.

Akasema nisipige tena kwa laini hiyo, na huyo mwenzangu nimwambie vilevile. Akakata.

Nikasema asante, usiku mwema. Ilikuwa mchana jua kali.

Jumanne, 12 Agosti

Nilimwambia Tonny. Akawa rangi ya majivu. Ameenda kumuuliza Hamdun kama wanaweza kujua mtu anakaa wapi, na Hamdun, kwa kumtesa tu, akamwambia wanajua mpaka rangi ya mlango. Jioni Tonny akashindwa kuvumilia, akamweleza Kukhu kila kitu — yake na yangu.

Nilingoja kugombezwa. Kukhu aliuliza kama nilimsalimia vizuri huyo mtu. Nikasema ndiyo. Akauliza ni mtoto wa nani. Nikasema sikuuliza.

"Ungeuliza," akasema.

Basi. Ni hilo tu. Lakini leo simu haikuingia kwenye unga. Ameiweka mezani bila kitambaa, uso juu.

Alhamisi, 14 Agosti

Naandika nimekaa kando ya kibanda cha kuku. Ndani simu bado haijakatwa.

Ililia tukitoa vyombo, kabla giza halijaingia. Namba imefichwa. Tonny alipita mlango wa nyuma na kuzama kwenye mahindi bila viatu. Kukhu akaniangalia. Nikapokea, nikaweka spika.

Sauti ni ile ile. Hakusema anaitwa nani wala anapiga kutoka wapi. Aliuliza kama mama mwenye simu yuko karibu.

Kukhu alifuta mikono kwa leso, akainama juu ya meza. "Mulembe," akamsalimia. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Akamwomba akae kwanza, asikilize.

Nilimvutia Kukhu kiti, akakaa. Nikaisogeza simu mbele yake. Kisha nikatoka, nikavuta mlango nyuma yangu, nikaenda kufunga kuku.