Uzi Wako Umenienea Mimi

Talatala, Kyela
Jumanne

Mwanangu Lusungu,

Ndaga, mama. Umeamkaje huko Mbeya, na kazi zinakwendaje, na mkwe wangu Ezekiel hajambo? Huku tupo. Mpunga tumeshavuna. Kakao tumeianika uani na kuku wanaipita juu kama barabara yao. Mimi pia ni mzima, ila hapo kwenye uzima nitarudi huko chini. Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Kwenye simu ningelia, nawe ungesema mtandao unasumbua ukakata. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo soma polepole.

Uzi wa kipimo cha shingo yako ulionitumia kwa mkono wa kaka yako Lugano ulifika. Nao ujumbe niliupata, kwamba mkufu wa harusi uwe wa shanga, safu tano, ukae juu kabisa na kuifunika shingo yote. Jumamosi nikaupeleka Mbugani kwa Zuena, yule mtunga shanga. Nikabeba na uzi tuliokupimia shingo ulipopata kipaimara, maana nimeutunza ndani ya kitabu cha nyimbo miaka yote. Nilitaka tu kujisifu kwake jinsi mtoto alivyokua.

Zuena akanieleza kwamba mkufu wa juu una ugumu wake. Wa kushuka kifuani hata ukikosea inchi mbili hakuna atakayejua, lakini huu hupimwa shingo tupu, halafu vinaongezwa vidole viwili vya kupumulia. Akazilaza nyuzi zote mbili kwenye rula. Wa zamani ulikuwa inchi kumi na tatu, huu wa sasa kumi na sita. Akaniuliza kama ni mtu mmoja. Nikamjibu kwamba ni chakula cha mjini. Akacheka, akasema, mama Lugano, chakula cha mjini mbona kinajulikana kinapokaa, na si shingoni.

Nikabisha. Nikasema basi uzi umevutika njiani. Akauvuta mbele yangu, haukuvutika hata kidogo. Nikasema basi mwanangu ameshaongeza vile vidole viwili mwenyewe. Akavitoa, bado ukazidi. Akasema ili tusigombane, nifungue kitambaa changu apime shingo ya mtu mzima, tuone.

Wewe unajua mama yako hafungui kitambaa shingoni. Mmezoea, mnasema mama anaogopa baridi, na Kyela hii joto lake mnalijua. Sijui kwa nini siku ile nilifungua. Labda moyo ulishaanza kuniuma. Zuena akauzungusha uzi wako shingoni kwangu, na ncha zikakutana, zikagusana kabisa. Mimi nikakaa kwenye gunia lake la shanga.

Lusungu, nina rovu, huu uvimbe wa shingoni. Lilianza nikiwa namnyonyesha Lugano, nikalifunika, sijawahi kumwonyesha daktari hata mmoja. Na bibi yako, ambaye una jina lake, hakufa kwa malaria kama nilivyowaambia. Alikuwa na hilihili, likambana pumzi. Niliona aibu watu waseme ni ugonjwa wa nyumba yetu mkakosa wachumba. Nilidhani nikifunika litaishia kwangu. Nilipofika nyumbani nikamwomba Lugano anionyeshe picha zako za mwaka huu kwenye simu yake. Zote una skafu. Nikaelewa safu tano ni za nini. Kumbe nimekufundisha mimi.

Zuena nimemwambia asitunge kwanza. Atatunga tukishatoka hospitali, sisi wawili, tumepimwa na daktari. Na nimechagua wa kushuka kifuani. Kama Ezekiel ni mume, ataiona shingo yako kabla ya harusi. Usinikatalie, mama, nimeshakata tiketi ya Alhamisi.

Lugano anakusalimu, na Zuena anakusalimu sana, alinilipia hata nauli yangu ya bodaboda. Msalimie Ezekiel na jirani zako.

Nitakuja bila kitambaa. Na wewe unifungulie mlango bila skafu.

Ni mimi mama yako mzazi,
Tulinagwe