Mabaki ya Chupa ya Kaveke

Mwau,

Naenda mkutano wa kina mama kanisani. Kaveke amelala. Maziwa ambayo Wavinya alijikamua kabla ya kwenda kazi Emali iko kwa friji, kwa kale kakopo ka kifuniko kijani. Ile jagi usiguse. Nimeiosha mara mbili na bado inanuka.

Asubuhi nilipoifungua nusura nitapike. Kumbe mtoto akibakisha kwa chupa, wewe unarudisha kwa jagi na mate yake yote, halafu kesho unampa tena. Hata ndama hatumfanyii hivyo, Mwau. Na wiki yote anaharisha tukisema ni meno.

Halafu hiyo ya kumshika kichwa mpaka chupa iishe, ati "maliza, hakuna kubakisha kwa hii nyumba." Leo yote ilirudi kwa kitambaa changu cha kanisa. Chupa haijui kama mtoto ameshiba. Weka kidogo. Akimaliza na bado anatafuta, ongeza. Akigeuza uso, ameshiba. Inayobaki mwaga.

Huyo mtoto ulimpa jina langu, na mbele ya watu unamwita mwaitu, mama yako. Basi jua ni mimi unalazimisha.

~~Ile ya jagi nimemwaga.~~

Ile ya jagi nimekupikia nayo chai. Iko kwa flaski.

Maliza, hakuna kubakisha kwa hii nyumba.

Mwaitu, yule mkubwa