Tumbo Langu, Jicho la Mama

Jumanne, Mkuyuni

Bado nina hasira kidogo. Miaka yote hii nimeambiwa vidonda vyangu vya tumbo vinaletwa na mawazo. "Punguza mawazo, Mama Neema." Kana kwamba nilikuwa nayapika mwenyewe pamoja na ugali.

Kumbe ni bakteria. Nilimeza dawa mpaka mdomo ukawa mchungu, na leo asubuhi daktari amesema kipimo cha marudio hakina kitu. Anasema bakteria hao wanaweza kurudi. Hilo linanitisha. Lakini mchana nimekula maharage, tena yenye pilipili, na tumbo limetulia tuli.

Baba Neema alinitazama mpaka nikamaliza sahani. Kisha akasema, "Sasa naweza kukwambia. Mama yako kule Magu, jicho moja halioni tangu Pasaka. Alinikataza nisikwambie, usije ukawaza vidonda vikazidi."

Kila Jumapili nampigia mama simu. Kila Jumapili ananiambia hajambo.

Nilitaka kumgombeza mume wangu, nikashindwa. Walikuwa wananihurumia, wote wawili. Nikapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Tumbo je?"

"Limepona, mama. Walikuwa bakteria, si mawazo. Niambie habari za jicho."

Akaanza: jicho, mgongo, mbuzi wa jirani wanaomaliza mchicha wake, kila kitu. Alinilalamikia mpaka salio likaisha.

Asante Mungu. Nikatoka mbio kununua vocha nyingine, aendelee.