Mafuriko na Nyumba ya Mkwe

Akinyi mjukuu wangu,

Sisi tuko salama. Mama yako anakohoa kidogo, na yule ng'ombe mkaidi amezaa. Umeuliza, kaunti ikitangaza mafuriko kwa simu, nitahama hapa Ahero ama nitabisha kama kawaida yangu.

Nikiwa msichana, askari wa chifu alipita na baiskeli akiita, "Hameni, mto unafurika!" Mama yangu akamuuliza, "Niende wapi, bwana? Kule juu kuna boma la mkwe wangu tu." Kwetu mama halali nyumbani kwa mume wa binti yake. Akabaki, sisi watoto tukatangulia huko juu. Tulimtoa juu ya paa kwa mtumbwi, bado anabisha.

Kwa hivyo watu wa kaunti walipokuja kutueleza hiyo simu yao, niliwaambia, "Msinipe habari ya maji bila kuniambia nitalala wapi." Wakasikia. Juzi simu ililia, sauti ikasema kwa Kijaluo: maji yanakuja, nendeni shule ya msingi. Shule si boma la mkwe wa mtu.

Nimehama, mtoto wangu. Mwalimu wa hapa shuleni ndiye anayeniandikia hii barua. Mimi ambaye sikusoma hata siku moja, sasa nalala gredi ya sita.

Dani yako