Kioo Kilichoshika Ukungu

Dada Wanja,

Hamjambo huko Runyenjes? Mimi ni mzima. Huku Nchiru kuna baridi, na ukungu wa leo asubuhi uliingia hadi ndani ya nyumba.

Nilikuja kuwaonyesha wakulima ile spektromita yangu, kidude kidogo kama kipande cha sabuni, cha kutambua mahindi yenye sumu ya kuvu. Nilipokifungua, kile kioo chenye mistari iliyochorwa kwa leza, kinachotenganisha mwanga kuwa rangi, kilikuwa kimeshika unyevu. Rangi zikachanganyika kama uji. Profesa aliyenialika akatoa kitambaa.

"Ngoja nikupangusie."

"Usiguse!" Nilimpigia kelele mbele ya watu wote! Lakini angekipangusa, mistari ingeharibika, na sina kioo kingine. Nikakificha kidude ndani ya sweta kipate joto, nikasimama nimekikumbatia huku wote wakinitazama.

"Basi tungoje," profesa akasema taratibu, akaitisha chai.

Ukungu ulipotoka kwenye kioo nikapima punje za mahindi za mama mmoja mkulima kutoka Kanyakine. Zilikuwa na sumu. Akanishika mkono.

"Una hakika, mwanangu? Watoto wangu walikula mahindi hayo jana."

Nikapima punje nyingine, nikiomba niwe nimekosea. Jibu likawa lile lile. Profesa amempeleka mama huyo na watoto wake hospitalini.

Dada, yale mahindi ya ghalani msiyapike. Nunueni viazi mpaka nije niyapime. Wakumbatie Mama na watoto kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Wawira