Unga Kwenye Sanduku Tupu

Mdogo wangu,

Daktari wa macho amesema leo asubuhi kwamba macho ya Baba hayatibiki tena. Sisi wengine tu wazima, na paka amezaa.

Baba bado anashinda na buibui wake kwenye chumba cha nyuma. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba aina zile mbili anazozifuga ni ndugu wa karibu, ingawa buibui wa aina moja anasuka utando na wa nyingine anavamia utando wa mwenzake na kula humo humo.

“Kama sisi wanao wawili,” nikamwambia.

“Mwache mdogo wako,” akacheka. “Hata huyu asiyesuka, babu zake walisuka.”

Unakumbuka anavyopuliza unga ili nyuzi zionekane, kisha anazichora. Jana alipuliza unga kwenye sanduku tupu, akachora utando mzima, uzi kwa uzi. Buibui wa humo alikufa Jumapili, na utando niliuondoa mwenyewe. Sikumwambia.

Mkuu wa maabara ya kazini kwake atakuja kuyachukua masanduku yote Ijumaa saa nne asubuhi. Baba hajui. Nitamwambia Alhamisi baada ya chakula cha mchana, na nataka uwe umeshafika.

Dada yako